Mkanda kwanza, swichi baadaye

Wadogo zetu mnaoanza kukereza, tunawapenda na tunataka mzeeke na macho mawili na vidole kumi. Lakini kila kundi jipya likiingia karakana, makosa ni yale yale: gogo la mwembe lenye ufa linafungwa harakaharaka, swichi inabonyezwa, kipande kinaruka hadi kwenye bati. Basi tuyaseme tena.

1. Soma gogo kabla ya kulifunga. Ufa mwembamba usioonekana utauona kwa spiriti: paka, subiri. Mbao ikikauka, mstari wa ufa hubaki na unyevu. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole. Mbao nzima hulia, iliyopasuka hutoa sauti ya debe bovu. Ufa unaotoka kwenye kiini na kuishia katikati unaweza kudhibitiwa. Unaotoka upande mmoja kutokea wa pili, au unaozunguka kufuata pete za mti, weka kando. Mpingo uukague mara mbili, maana shina lake lina mikunjo na mara nyingi ndani lina uwazi, na uzito wake ni ule wa mti unaozama majini.

2. Supa gluu si nanga. Ile nyepesi huingia kwenye ufa wa unywele na kuutuliza tu. Ufa unaopitisha kucha unataka epoksi, na uachwe hadi kesho yake. Hata hivyo, gundi haigeuzi gogo bovu kuwa zima.

3. Mkanda wa mashine. Hapa tutakaa, kwa sababu hili ndilo kosa linaloumiza watu, na wanaolifanya wanajua kabisa kwamba ni kosa.

Mashine zetu nyingi za kukereza zimeundwa kwa kuchomelea vyuma, zina mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika na puli za ngazi, yaani zenye vipimo kadhaa vya kuhamishia mkanda. Mkanda ukitoka puli ya inchi 2 kwenye mota kwenda ya inchi 6 kwenye shafti, unapata mizunguko 480. Ukikaa kwenye inchi 4 kwa inchi 4, ni 1,440 yote. Asubuhi mtu amekereza miguu ya stuli, miembamba, na mkanda uko kwenye 4 kwa 4, mahali pake hasa. Mchana anakuja mteja wa bakuli. Gogo la sentimita 30, mwembe mbichi, kilo 6 au 7, upande mmoja una gome na mwingine umekatwa kwa msumeno wa mnyororo. Kijana analifunga vizuri, anavaa miwani, anashika bobari (patasi ya mfereji), anawasha. Mkanda hakuugusa.

Hesabu ni hii. Kwenye 480, ukingo wa gogo hilo unakimbia kama kilomita 27 kwa saa. Kwenye 1,440 unakimbia zaidi ya 80. Na nguvu inayovuta mbao nje haiongezeki mara 3 kama mwendo, inaongezeka mara 9. Upande mzito unavuta shafti, meza inaanza kutembea sakafuni, skrubu zinalegea, ufa uliokuwa umelala unafunguka. Mtu mwenye gogo linalotikisika hivyo huinama kutafuta swichi, na kuinama huko ndiko kunakopeleka uso wake kwenye njia ya mbao. Yote haya hutokea kabla patasi haijagusa kitu.

Kwa hiyo ukimaliza kazi nyembamba, rudisha mkanda kwenye mwendo wa chini siku ileile, usimwachie wa kesho. Kabla ya kuwasha, weka kidole kwenye mkanda na utamke namba. Kisha zungusha gogo kwa mkono mzunguko mzima, uone kama linagusa egemeo la patasi. Likitikisa meza hata kwenye 480, zima ulipunguze kwa shoka au msumeno. Mwendo unaongezwa gogo likishakuwa duara, si kabla.

4. Kichwa cha nyuma, kile kinachobana gogo kutoka upande wa pili wa mashine, kiegemee gogo hadi dakika ya mwisho inayowezekana. Skrubu za sahani, chuma bapa kinachoshika gogo kwenye shafti, ziingie milimita 25 kwenye mbao nzima, zisiingie kwenye gome wala kwenye ufa. Skrubu nyeusi za jipsamu hapana, hukatika vichwa.

5. Simama pembeni wakati wa kuwasha. Mbao inayoachia hutoka kwa kufuata mzunguko wake, kwa hiyo mstari ulio mbele na juu ya gogo usiwe na mtu, wala mwenzako aliyekuja kuomba msasa. Ngao ya uso huzuia vipande vidogo, lakini nusu ya gogo itapita nayo.

6. Sikiliza. Mlio wa tik-tik ambao haukuwepo ni ufa unaofunguka au kipande kinacholegea. Zima, kagua kwa spiriti tena. Kwenye bakuli lenye ukingo wa gome au tundu, vidole haviingii na msasa likizunguka, kwa sababu ukingo huo hauonekani.

7. Mikono mirefu, glovu, kanga shingoni: vua.

Gogo mlilolikataa msilitupe. Lipasueni kwa msumeno kufuata ufa wenyewe, kila nusu ikaguliwe upya, na mara nyingi hutoka mipini miwili ya patasi.