Jibu: Mbona mvumo wa moyo haukusikika alipozaliwa?

Dada yangu, si lazima mkunga alikosea. Umeuliza vipi mtoto aonekane mzima alipozaliwa, kisha kliniki ya wiki 6 hapa Malindi uambiwe moyo unavuma, yaani unasikika sauti ya ziada damu inapopita. Kwa mtoto mchanga shinikizo la damu mapafuni bado liko juu, kwa hivyo ikiwa mvumo unatokana na tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, damu bado haipenyi humo kwa nguvu. Shinikizo likishuka, mvumo hutokea. Na ajabu, tundu dogo mara nyingi ndilo lenye kelele zaidi!

Kinachonitia hofu mimi ni mtoto kuhema mbiombio, kukatiza kunyonya huku akitokwa jasho kichwani (si lile la joto la kaskazi), na uzito kutopanda. Apigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Midomo ikigeuka buluu, usingoje tarehe ya kliniki.