Jibu: Wenzangu wote wako chini, mimi peke yangu ghorofa ya nne

Ndugu, unasema tangu uhamishiwe ghorofa ya nne wiki inaisha hujaongea na mwenzako yeyote wa masomo ya uzamivu (PhD), na unajilaumu kuwa mkimya mno. Ngazi nazo zina lawama zao. Mtafiti Thomas Allen wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba wahandisi wakitenganishwa na mita 50 hivi, mazungumzo ya kikazi hupungua sana.

Mimi niliokolewa na birika la umeme. Nililitoa ofisini nikaliweka jirani na mashine ya kuchapisha. Watu wakawa wanasubiri karatasi zao huku wanapiga soga. Ila omba ruhusa ya msimamizi wa jengo kwanza, moto si mchezo.

Upweke ukikufuata hadi nyumbani na usingizi ukakukimbia, muone mshauri nasaha wa chuo.