Ganzi ya mkono: nilichelewa kupasuliwa, wewe usichelewe

Juzi dada mmoja wa Newala kaniandikia saa tisa usiku: "Dada, vidole vinakufa ganzi, naamka nakung'uta mkono kama nakausha maji. Wanasema nipasuliwe. Nikubali?" Nilisoma machozi yakinitoka. Mimi nimekung'uta hivyohivyo miaka miwili.

Nabangua korosho hapa Mtwara tangu sijaolewa. Mkono wa kulia ndio unaoshusha mashine, ndio unaochokonoa kiini kisivunjike. Ganzi ilianzia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Cha mwisho hakikuguswa kabisa, na nilikuja kuambiwa kwamba hiyo ndiyo alama ya ugonjwa huu wa mshipa kubanwa kifundoni. Dukani nikauziwa vidonge vya maumivu. Zahanati nikaambiwa ni uchovu, nipumzike. Nipumzike vipi na malipo ni kwa kilo? Nyumbani nako wakasema nimerogwa. Bado linaniuma, sifichi. Asubuhi moja nilishindwa kumfunga binti yangu vifungo vya shati la shule. Akanitazama, akajifunga mwenyewe kimyakimya. Siku hiyohiyo nikapanda gari kwenda hospitali kubwa.

Daktari alinigonga kwa ncha ya kidole kwenye kifundo cha mkono, shoti ikapiga mpaka vidoleni. Akanionyesha nyama ya chini ya kidole gumba: imenywea. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba pale kifundoni, na juu yake pana utepe mgumu. Njia ikibana, mshipa unaminywa. Anayewahi huvalishwa gango usiku, kifaa cha kushikilia kifundo kisijikunje, au huchomwa sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Mimi wakati huo ulishanipita.

Upasuaji uko wa aina mbili, na zote hukata utepe uleule. Ule wa wazi ni chale ya sentimita chache kiganjani. Wa kamera ni tundu dogo moja au mawili. Kwa huu wa kamera mtu hurudi kazini mapema kidogo, ila unataka vifaa na daktari aliyeuzoea, na mshipa huweza kujeruhiwa, ingawa mara nyingi hupona wenyewe. Miezi ikipita, waliofanyiwa huu na ule hawapishani sana. Pale hawakuwa na kamera. Nikapasuliwa wa wazi, wala sijutii.

Nilichomwa ganzi ya mkono tu, nikiwa macho, na jioni nikalala kwangu. Usiku ule sikuamka mpaka adhana ya alfajiri! Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo, pembeni mwa kovu pakauma kwa miezi. Hata kufungua chupa ya mafuta nilimwita mtoto.

Jamani, wahini. Wanawake wa Kusini tumelelewa kuvumilia, tunavumilia mpaka nyama ya mkono inakauka. Ganzi ikikuamsha usiku, nenda. Pima na sukari, na tezi ya shingo, maana navyo huleta ganzi hii. Kama una mimba, mara nyingi hutulia ukishajifungua, lakini nenda wakutazame. Msikubali vidonge kila mwezi. Wahini, narudia.

Dada wa Newala, muulize daktari: nyama ya kidole gumba imeanza kunywea? Kama imeanza, kubali. Yangu haijajaa tena kama zamani, ila vifungo nafunga.

Sasa mkono wa kushoto nao umeanza. Nalala na gango tangu wiki iliyopita, na tarehe ya kumwona daktari ninayo.