Nyenje wa mjusi wetu wanakufa kabla hajawala

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume amepewa zawadi ya mjusi mwenye ndevu, ambaye bado ni mdogo, na chakula chake kikubwa ni nyenje hai ninaowanunua dukani wakiwa ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki. Kila mara, ifikapo siku ya tatu au ya nne, nusu yao huwa wamekufa na harufu yake haivumiliki. Wifi yangu amenishauri niwaweke kwenye friji, na mwanangu anataka kukamata panzi bustanini ili tupunguze gharama. Tufanye nini?
Mzazi, Leicester, Uingereza

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Kisanduku hicho cha dukani kimetengenezwa kwa ajili ya kusafirishia nyenje, wala si cha kuwafugia. Humo ndani wamesongamana, hawana chakula cha kutosha, na kinyesi chao kikichanganyika na unyevu hutoa gesi ya amonia, ambayo ndiyo harufu unayoisikia na ndiyo inayowamaliza. Wahamishie siku ileile unayowanunua kwenye ndoo au boksi kubwa la plastiki lenye kuta laini na ndefu, kwa kuwa nyenje wa kawaida hawawezi kuparamia plastiki laini. Kata tundu pana kwenye mfuniko na ulizibe kwa wavu wa chuma, maana wavu wa nailoni watautafuna na kutoka. Simamisha ndani yake trei za mayai za karatasi ili wapate pa kujificha na wasikanyagane. Usiwawekee bakuli la maji, kwa sababu watazama. Kipande cha karoti au kiazi kinatosha kuwapa maji, mradi ukibadilishe kabla hakijaota ukungu.

Friji haifai kwa nyenje. Wao hustawi kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na wakikaa kwenye chumba chenye nyuzi 21 hivi wataishi vizuri ila watakua polepole. Huenda wifi yako ameona watu wakihifadhi kwenye friji wale mabuu wa rangi ya manjano wanaofugwa kwenye pumba za ngano, ambao kweli huvumilia baridi ya nyuzi 7 hadi 10 na kulala kwa wiki kadhaa. Hata mabuu wakubwa wanaofanana nao, ambao huuzwa rafu hiyohiyo, hufa wakitiwa kwenye friji.

Angalia pia umri wa nyenje unaowanunua. Nyenje mwenye mbawa kamili, anayelia usiku kucha, ameshafika ukubwani na amebakiwa na wiki chache tu za kuishi, kwa hiyo chagua wasioota mbawa bado. Kwa mjusi mdogo hilo lina faida ya pili, kwani mdudu hapaswi kuzidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Ikiwa nyenje wataendelea kufa kwa wingi ingawa boksi ni kavu na safi, yawezekana wana kirusi ambacho tangu mwaka 2002 kimeangamiza mashamba mengi ya nyenje barani Ulaya. Hakimdhuru mjusi, lakini osha kila kitu, tupa trei za zamani, na umwombe muuzaji nyenje wa aina nyingine.

Jambo ninalotaka ulitilie maanani kuliko yote ni hili: mjusi wenu hula pia kile alichokula nyenje. Nyenje aliyekaa na njaa siku tatu ni ganda tupu, na hata akiwa ameshiba, mwili wake una fosforasi nyingi mno kuliko kalsiamu, ilhali mjusi anahitaji kalsiamu takriban maradufu ya fosforasi. Kwa sababu hiyo, walishe nyenje vizuri kwa saa 24 hadi 48 kabla ya kumpa mjusi: sukumawiki, karoti na boga vinafaa, lakini mchicha wa Kizungu unaoitwa spinachi una asidi inayozuia kalsiamu isitumike mwilini. Kisha, wakati wa kulisha, watie nyenje wachache kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu, kitikise taratibu hadi waonekane weupe, na uwamimine mbele ya mjusi papo hapo. Usiwapake mapema, kwa maana nyenje hujisafisha, na baada ya muda mfupi unga wote utakuwa umekwisha kutoka.

Mpe kadiri anavyoweza kula kwa dakika kumi hivi, mara mbili kwa siku, pamoja na majani mabichi, ambayo atakapokua ndiyo yatakuwa sehemu kubwa ya chakula chake. Waliobaki uwatoe wote kabla ya kuzima taa, kwani nyenje mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala. Kalsiamu yenyewe haitamfaa pasipo taa ya miale ya UVB (miale kama ile ya jua, inayouwezesha mwili kutumia kalsiamu), nayo taa hiyo hudhoofika ingawa bado inawaka, hivyo ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Ukimwona anatetemeka vidole, taya limelainika au miguu imepinda, mpeleke bila kuchelewa kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, maana hizo ni dalili za mifupa kukosa kalsiamu.

Kuhusu panzi wa bustanini, namwelewa mwanao, lakini asiwakamate. Hamwezi kujua jirani amepulizia dawa gani kwenye maua yake, na wadudu wa porini hubeba minyoo. Baadhi yao wana sumu yao wenyewe: kule Marekani, kimulimuli mmoja tu ametosha kumuua mjusi wa aina hiyohiyo mliyo nayo. Kama ni gharama inayowasumbua, nunueni nyenje wengi kwa pamoja, kwani wakiwa kwenye boksi zuri hawatakufa ovyo kabla hawajaliwa.