Hedseti ya mwanafunzi wa urubani kwa bajeti ya milioni moja: chukua ya kuziba, ya betri isubiri

Shikamoo mzee wangu, na hongera sana kwa binti.

Kwa wadau ambao hawajasoma swali lake: mzee yuko Kondoa, binti yake amepata nafasi ya kusomea urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kwenye orodha ya vifaa shule imeandika hedseti ya kupunguza kelele. Ametenga kama milioni moja ya Kitanzania. Bei alizotajiwa zinaanzia laki tano hadi zaidi ya milioni tatu, na kijana mmoja wa duka la simu hapa Dodoma kamwambia hedifoni za muziki zinazofuta kelele zitafanya kazi ileile kwa laki mbili tu. Anauliza achukue ipi, kama hijabu ya binti italeta shida, na kama anunue sasa au asubiri.

Mimi narusha ndege ndogo za kukodi, nyumbani ni Dodoma, na kabla ya hapo nilifundisha kwa miaka kadhaa. Nimeona hedseti za kila namna vichwani mwa wanafunzi. Kwa milioni moja, mzee, chukua hedseti ya kuziba, yaani isiyotumia betri, ya kampuni inayouza vipuri vyake, na iwe inamkaa binti sawasawa. Hela ikibaki iende kwenye saa za kuruka. Ya betri atajinunulia mwenyewe akishaajiriwa.

Sababu ninazo, na naanza na kelele yenyewe. Wanafunzi wengi huanzia Cessna 152 au 172, ndege ndogo za injini moja. Ndani ya ndege hizo, hasa injini ikiwa imesukumwa hadi mwisho wakati wa kupaa, kelele huwa kati ya desibeli 90 na 100. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2, kwenye 94 ni saa moja, na ukigusa 100 umebakiwa na dakika 15. Somo moja la kuruka linamaliza kiasi hicho chote. Tena Wilson iko juu, zaidi ya mita 1,600, na hata hapa kwetu Dodoma tuko kwenye mita 1,100 na ushee. Hewa nyembamba na joto vinaifanya ndege ipande taratibu, kwa hiyo injini inanguruma kwa nguvu zote muda mrefu kuliko ungekuwa pwani.

Sasa pigeni hesabu ya kozi nzima. Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40 za kuruka, 35 ukiwa kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Na ili afanye kazi ya urubani lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kina kipimo cha masikio: kila sikio peke yake lisiwe limepoteza zaidi ya desibeli 35 kwenye mawimbi ya hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya 50 kwenye hezi 3,000. Madhara ya kelele huanza kujionyesha juu huko, kwenye hezi 3,000 hadi 6,000, na sikio lililoharibika kwa kelele halirudi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimewaona vijana wakipanda ndege na hedseti zilizopasuka mito, yaani zile pete laini zinazozunguka sikio, wanasema watabadilisha wakimaliza kozi.

Tukija kwenye aina. Hedseti ya kuziba inakinga kwa vikombe vizito na mito inayobana kichwa, basi. Ya betri ina vikombe pia, ila ndani yake kuna maiki ndogo inayosikiliza kelele iliyopenya na spika inayotoa wimbi la kinyume ili zifutane. Teknolojia hii ni nzuri kwelikweli kwenye sauti nzito za chini. Cessna 172 ikiwa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, propela yake ya mapanga mawili inapiga hewa mara 80 kwa sekunde, na silinda zake nne nazo zinalipuka mara 80 kwa sekunde. Muungurumo huo wa hezi 80 ndio unaochosha mwili, na mito ya kawaida inauzuia kwa shida. Hapo hedseti ya betri inashinda, sibishani na anayeisifia. Narusha nayo sasa na baada ya siku ya safari ndefu tofauti naiona.

Lakini mwanafunzi haruki siku nzima. Anaruka saa moja, saa moja na nusu, anashuka, anaenda kusoma. Kinachohitajika kwake ni kelele ishuke chini ya kiwango cha hatari na amsikie mkufunzi vizuri, na hayo hedseti nzuri ya kuziba inayatimiza. Bose A30 ilipotoka 2023 ilikuwa zaidi ya dola 1,200. Hiyo ni zaidi ya milioni tatu, na mzee amesema hanazo. Zipo za betri za bei ya chini, zinazokaribiana na milioni yake, na hizo ndizo ninazomwomba aziepuke zaidi. Kwa bei ileile fedha imeenda kwenye saketi, vikombe vikawa vyepesi na maiki ya kawaida tu. Betri ikiisha angani anabaki na vile vikombe vyepesi.

Kwa milioni moja, ninayoitaja bila kusita ni David Clark H10-13.4, zile za kijani mnazoziona kila kiwanja cha ndege. Mpya inazunguka dola 400. Namba yake ya NRR, ambayo ni kipimo cha kupunguza kelele kilichoandikwa kwenye boksi, ni 23. Kampuni hiyo ndiyo iliyoshona suti alizovaa Ed White alipotoka nje ya chombo angani mwaka 1965, na hedseti zao zina tabia hiyohiyo ya kudumu: kila kipande kinafunguka kwa bisibisi na kinauzwa peke yake. Uzito wake ndio kasoro, na ikiwa mpya inabana. Utepe wa chuma wa juu unaweza kupanuliwa kidogo kwa mikono, taratibu. Kama milioni yenyewe ina mambo mengine pembeni, Kore KA-1 inauzwa karibu dola 200, nusu ya bei, nayo inatosha kumalizia leseni ya kwanza.

Msizishindanishe sana hizo namba za NRR. Zimepimwa maabara, kwa mtu aliyevalishwa vizuri, asiye na miwani wala nywele nene. Hedseti ya 23 iliyoziba kabisa inamkinga mtu kuliko ya 25 iliyoachia upenyo nyuma ya sikio. Upenyo wa unene wa kijiti tu unatosha kuingiza muungurumo wote.

Ndiyo maana swali la hijabu ni la msingi, na nashukuru mzee ameliuliza mapema. Haina shida kama itavaliwa kwa kufikiria. Kinachoharibu ni mikunjo ya kitambaa, pini, na fundo la nywele vinapokaa chini ya mto wa hedseti. Wanafunzi niliowafundisha walikuwa na njia mbili. Wengine walivaa kofia ya ndani iliyoacha masikio wazi, wakaweka hedseti, kisha wakapitisha mtandio mwepesi juu ya vikombe na kuacha maiki itokeze mbele. Wengine walivaa hedseti juu ya hijabu ya kitambaa cha kuvutika, safu moja, iliyonyooshwa vizuri pembeni. Njia ya kwanza inaziba zaidi. Ya pili ni rahisi pale anapotakiwa kuvua na kuvaa mara kwa mara. Ajaribu zote akiwa nyumbani, mbele ya kioo. Mabinti waliosuka rasta nene nao wanahusika hapa, na wote wanaovaa miwani: mikono ya miwani iwe myembamba.

Kuna kitu cha bei ndogo kinachoziba pengo lolote la kitambaa: viziba masikio vya sponji, vile vya viwandani. Anakiviringisha kiwe chembamba, anavuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, anakiingiza, anakishikilia mpaka kivimbe. Kisha anavaa hedseti juu yake na kuongeza sauti kwenye kitufe cha kikombe. Sauti ya redio inapenya, kelele inapungua zaidi. Marubani wengi wazoefu hufanya hivi, na kwa hedseti ya kuziba ni nyongeza kubwa kwa hela ya soda.

Kuhusu yule kijana wa hedifoni za muziki, mzee umshukuru, lakini hapana. Hazina maiki ya ndege, plagi zake haziingii, na zikizimika zinaziba kidogo mno. Maiki ya hedseti ya rubani imetengenezwa isikie mdomo ulio karibu na iachane na kelele ya mbali, na hii nadhani watu wanaidharau. Mwanafunzi asiyesikika vizuri, mnara wa kuongozea ndege unamwambia arudie, anarudia, anababaika, na ndege inaendelea kwenda. Maiki ikae pembeni kidogo ya midomo, karibu kuigusa, upande wenye alama ukiangalia mdomo. Ikigeuka nje, sauti yake inamezwa na injini.

Plagi nazo zikaguliwe kabla ya kulipa. Ndege ndogo nyingi za mafunzo zinatumia mbili: ya kusikilizia yenye unene wa milimita 6.3 na ya maiki yenye milimita 5.2. Ukiona plagi moja nene yenye pete kadhaa, hiyo ni ya helikopta. Za jeshi ziache kabisa hata zikiwa za bure, maiki zake mara nyingi ni za aina nyingine na redio ya Cessna haitazielewa. Na kama hedseti ni ya stereo (kila sikio na sauti yake) iwe na swichi ya mono (sauti moja masikio yote), vinginevyo kwenye ndege za zamani atasikia sikio moja.

Mtumba siupingi. David Clark iliyotumika miaka kumi inaweza kuwa nzima. Pinda waya pale unapoingia kwenye plagi na kwenye kikombe huku mtu anaongea, ukisikia kukatika-katika jua kuna kazi ya fundi. Ule mkono wa maiki ubaki pale unapouweka. Mito ikiwa migumu au imepasuka, ongeza gharama ya mipya kwenye hesabu, na kwa jasho na vumbi la huku ataibadilisha tena kabla hajamaliza kozi. Asiiache hedseti juu ya dashibodi ndege ikiwa imeegeshwa juani. Vifuniko vya kitambaa vya mito vinafyonza jasho na vinafuliwa, achukue jozi mbili.

Kununua sasa au kusubiri? Subiri, mzee. Ukiagiza kutoka nje ikaingilia Tanzania kuna VAT ya asilimia 18 na gharama nyingine za kuitoa, halafu huna njia ya kuijaribu kabla. Shule nyingi zina hedseti za kuazimisha. Binti aende nayo masomo ya mwanzo akiwa na vile viziba vya sponji, awaombe wenzake wamwachie zao avae kwa dakika kumi kumi, ndege ikiwa imewashwa kama inawezekana. Dakika kumi zinatosha kujua kama utosi unauma na kama kikombe kinafunika sikio lote. Kisha anunue hukohuko Nairobi, dukani, mkononi mwake, na risiti ya dhamana. Mkufunzi wake atakuwa tayari anaijua sauti yake redioni, na atamwambia ipi inamtoa vizuri.

Akirudi likizo mkipitia Dodoma, niandikie inbox. Hedseti yangu ya zamani ya kuziba bado ninayo, na ya betri pia, aje azivae zote mbili na huo mtandio wake.