Krismasi ya Uchagani kwa mfuko mdogo: anzeni na kikao kabla ya mbuzi

Kwetu Kilimanjaro Krismasi haina kujificha. Desemba ikiingia, walioko Dar, Mwanza na Arusha wanaulizana swali moja: unapanda lini, yaani unakuja lini nyumbani mlimani? Anayesema mwaka huu hapandi atadaiwa maelezo hadi Pasaka. Ndiyo maana watu wanakopa ili wapande, kisha Januari, mwezi dume wenyewe, inawakuta na ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba mlangoni.

Mimi naishi Majengo hapa Moshi mjini, nyumbani ni Kibosho, na ndiye ninayeshika daftari la sikukuu la familia. Jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: zungumzeni pesa mapema, tena wazi. Mwishoni mwa Novemba huwa naandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mwaka huu mimi nina elfu hamsini na mikono yangu. Wenzangu mmejipangaje?" Kunakuwa kimya. Watu wanasoma, hawajibu. Halafu wifi mmoja wa Arusha anajitosa: "Mwaka huu hali ngumu wifi, ila mchele kilo kumi nakuja nao." Hapo wengine wote wanapumua, maana kumbe kila mtu alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kusema hana.

Tunachangia vitu kuliko fedha. Fedha taslimu inaleta kulinganishana, nani katoa nyingi, nani kachelewa, nani kaahidi akazima simu. Mchele ni mchele. Mmoja analeta mafuta ya kupikia, mwingine vitunguu na viungo vya pilau, mama anatoa ndizi za kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani. Kijana asiye na kazi anapasua kuni, anachota maji na kuchuna mbuzi, na jina lake linaandikwa daftarini kama la mtu mwingine yeyote. Kwa hili sina mzaha. Mtu akila bila kuonekana ametoa chochote, mwakani atatafuta kisingizio asije.

Sasa nyama, maana hapo ndipo pesa inapoteketea. Usinunue mbuzi wiki ya Krismasi. Muuzaji anakuona unashuka kwenye gari na begi la safari, bei inapanda kabla hujasalimia. Sisi tunaungana nyumba mbili au tatu za ukoo, tunamchukua mapema, anakaa kwa jirani anayefuga akila majani ya migomba. Siku ya kuchinja, damu na baadhi ya nyama za ndani vinapikwa kisusio, wanaume wanamalizana navyo pale pale. Mbavu zinachomwa, nyama laini inaingia kwenye pilau ya tarehe 25. Mifupa nawaomba wasiiguse. Hiyo ni ya mtori, supu nzito ya ndizi, wa asubuhi ya tarehe 26, na mtori mzuri unataka ndizi mshare, hizi nyingine zinakupa uji tu. Nyama iliyosalia inakatwa vipande vidogo, inaingia kwenye machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Hivyo nusu ya mbuzi inalisha nyumba iliyojaa kwa siku tatu, na hakuna aliyehesabu vipande kwenye sahani ya mwenzake.

Kinywaji cha wakubwa ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zipo kihambani, cha kununua ni ulezi, ila inataka kuanzwa kama wiki moja kabla, kwa hiyo mwombe mapema mama anayejua kuipika. Kwa watoto, Krismasi bila soda haihesabiki, msijidanganye. Nunueni kreti moja ya chupa za kioo, mkusanye chupa tupu mapema msije mkalipia na chupa. Na soda itolewe baada ya chakula. Ukiitoa kabla, pilau inarudi jikoni.

Nguo za watoto tafuteni kwenye masoko ya mitumba ya Kiboriloni au Memorial mwanzoni mwa Desemba, kabla wageni wa mjini hawajashuka na kuchagua zote. Mimi naangalia viatu kwanza, maana kiatu kizuri cheusi kinavaliwa kanisani tarehe 25 na shuleni Januari.

Kuhusu safari, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutangaza nauli kikomo za mabasi. Ijue ya njia yako kabla hujafika stendi, na udai tiketi yenye kiasi ulicholipa. Wa Dar wana treni pia, ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20. Ni ya polepole, lakini daraja la tatu linawafaa wenye watoto wengi, ilimradi ukate tiketi mapema.

Halafu nauli ya kurudi. Hiyo itoe kwanza kabisa, kabla ya mchele na mbuzi, umpe mtu mgumu wa pesa akutunzie. Kwetu anatunza dada yangu mkubwa. Kaka zangu wamewahi kumfuata jioni ya tarehe 26 wakitaka "ya kuongezea kidogo tu", akawajibu kwamba ufunguo wa sanduku ameusahau Moshi mjini.