Maswali yenu: mnanunua vifaa kabla hamjajua vinaenda kufundisha nini

Inboksi imejaa maswali ya teknolojia mashuleni, nadhani kwa sababu bajeti zinaandaliwa na kila shule inataka neno TEHAMA lionekane kwenye mpango wake. Nimechagua machache, mengine nimeyajibu kifupi maana hayahitaji zaidi.

Habari, naomba kujua kompyuta gani nzuri na za bei nafuu kwa maabara ya kompyuta ya shule yetu.

Hili swali linakuja kila mara na haliji na maelezo hata siku moja. Nzuri kwa kazi gani? Wanafunzi wa darasa la ngapi, wako wangapi, umeme ni wa TANESCO au sola, fundi wa karibu yuko wapi, na kipindi hicho nani anafundisha? Nikikutajia aina bila kujua hayo nitakuwa nakudanganya, na hela yenyewe ni ya wazazi. Rudi na majibu, ntakujibu vizuri.

Mimi ni mwalimu mkuu shule ya msingi mkoa wa Morogoro. Tumepata mfadhili wa milioni 20, kamati inataka vishikwambi 40 kwa darasa la tatu maana watoto wengi hawajui kusoma. Unashauri nini?

Mwalimu mkuu, asante kwa kuuliza kabla ya kununua, wengi wanaandika baada ya mzigo kufika. Hapa naomba tukae kidogo.

Kisumu, Kenya, mwaka 2013 walifanya jaribio ambalo kila kamati ya shule ingelijua tungeokoa hela nyingi sana. Kulikuwa na mradi wa kusoma, watoto wana vitabu vyao na walimu wana miongozo ya somo kwa somo. Juu ya huo mradi wakaongeza teknolojia kwa njia tatu. Kundi la kwanza vishikwambi walipewa waratibu, yaani watu kama maafisa elimu kata wetu, wale wanaoenda darasani kumuangalia mwalimu akifundisha na kumshauri. Kundi la pili wakapewa walimu, na la tatu watoto wenyewe wakapewa vifaa vya kusomea. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikuwa na mradi kabisa, ila ukiyalinganisha yenyewe kwa yenyewe hapakuwa na tofauti ya maana, na hata na shule zilizokuwa na vitabu na miongozo tu bila kifaa chochote tofauti haikuonekana. Sasa piga hesabu, waratibu wako wachache na watoto ni maelfu, ipi rahisi? Tusome, mpango wa kusoma uliosambaa Kenya nzima kuanzia 2015, ukafuata njia hiyo, vitabu kwa watoto na vishikwambi kwa waratibu.

Kenya hiyo hiyo ilikuwa na ahadi ya laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ahadi ya uchaguzi wa 2013. Vifaa vikaanza kufika 2016 vikiwa vishikwambi, na shule nyingi vikaishia kufungiwa stoo. Peru nao waligawa laptop kwa mamia ya maelfu ya watoto, tathmini ya shule za vijijini iliyotoka 2012 haikuona mabadiliko kwenye hisabati wala lugha. Sio kwamba vifaa ni vibaya jamani, ni kwamba hakuna aliyekaa na mwalimu akamuuliza Jumatatu saa mbili asubuhi hiki kitu unakitumiaje kwenye somo lako.

Kwa hiyo ushauri wangu: hela yote isiende kwenye vifaa, hata nusu ni nyingi. Anza na vitabu, hakikisha kila mtoto wa darasa la tatu ana kitabu chake mkononi, sio watano kwa kimoja. Halafu wapime watoto kusoma, mmoja mmoja, mjue nani hajui herufi na nani anasoma maneno ila hasomi sentensi, maana hao wawili hawafundishwi sawa na kifaa hakiwezi kukufanyia huo uamuzi. Baada ya hapo nunua vishikwambi kumi, kundi moja linavitumia huku mwalimu amekaa na kundi lingine, wanabadilishana. Na weka akiba ya chaja na vioo. Chaja zinakufa kabla ya kishikwambi, na ikifa chaja kishikwambi nacho kimekufa kwa sababu bajeti ya chaja haipo mpaka mwaka ujao.

Ubao wa kidijitali wa kugusa au projekta, kipi bora?

Projekta na ukuta uliopakwa rangi nyeupe. Hela inayobaki nunua vitabu.

Sisi walimu tulipewa vishikwambi vya sensa ya 2022. Ukweli wengi tunatumia WhatsApp na kuangalia mpira. Vinaweza kusaidia darasani kweli au ni vya ofisini tu?

Vinasaidia sana, na inaniuma kuona nchi imeweka hela yote ile mikononi mwa walimu halafu hakuna aliyerudi kuwaonyesha la kufanya. Nakupa moja tu uanze nayo wiki hii. Fungua sehemu ya kurekodi sauti, muite mtoto, msomeshe ukurasa mmoja wa kitabu chake kwa dakika moja, hifadhi faili kwa jina lake na tarehe. Mwisho wa mwezi ukurasa ule ule, dakika ile ile. Sikiliza zote mbili mfululizo. Utasikia anapokwama, kama anakwama kwenye "ng'" au kwenye maneno marefu, utasikia kama anasoma au anakumbuka tu kwa kichwa. Kikao cha wazazi kikifika msikilizishe mama yake, yeye peke yake sio mbele ya watu, mzazi ambaye hajawahi kuelewa alama za ripoti ataelewa pale pale. Haihitaji bando wala projekta.

Pia Taasisi ya Elimu ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vipo humo bure. Pakua ukiwa mjini penye intaneti nzuri, uende navyo kijijini.

Kijiji chetu hakina umeme. Tusubiri REA wafike ndo tupange?

Msisubiri. Tanga kati ya 2017 na 2019 watoto wa vijiji zaidi ya 100, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, walijifunza kusoma na kuhesabu kwa vishikwambi vilivyochajiwa kwa sola, kwenye XPRIZE, yale mashindano ya kimataifa ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu. Waliokuwa hawajui hata neno moja la Kiswahili likiandikwa, wengi wakaanza kusoma maneno. Ila angalieni kilichofanya ikawezekana, programu zilikuwa kwa Kiswahili na hazikuhitaji intaneti. Programu zenyewe ziliachwa wazi, mtu yeyote anaweza kuzichukua bure. Kuna na programu ya Kolibri, unaiweka kwenye kompyuta moja ndogo na vifaa vingine vinasoma masomo kutoka hapo bila bando.

Sola sasa, hapa ndo mnapigwa. Kishikwambi kimoja kikila wati 10 kwa saa tatu ni wati-saa 30 (30Wh), ishirini ni 600Wh. Betri ya asidi ya 12V 100Ah imeandikwa kama 1,200Wh lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema sana, kwa hiyo una 600 tu na hapo hujawasha hata taa moja. Muuzaji hatakwambia hilo. Chaji vifaa mchana jua likiwepo, betri ibaki kwa taa, na mpangeni mtu wa kufuta vumbi kwenye paneli.

Mwanangu yuko kidato cha pili, homuweki zote anafanyiwa na ChatGPT. Shule iipige marufuku?

Simu zimeshapigwa marufuku shuleni mama, na bado unaniandikia, maana homuweki inafanyikia nyumbani kwako. Mwambie akuelezee jibu kwa mdomo, kitabu kimefungwa. Akishindwa, anaandika upya. Na mwalimu anayetoa maswali kumi ya "taja na eleza" kila wiki ajue mashine inayajibu kwa sekunde, abadilishe, aulize kuhusu soko la pale mtaani kwao, aulize mbele ya darasa. Mkumbushe pia kwamba hizi programu zinakosea kwa kujiamini, hasa historia yetu.

Kampuni imetuletea mfumo wa kusimamia shule, mwaka wa kwanza bure. Wanataka majina ya wanafunzi, picha na namba za wazazi. Tusaini?

Msisaini bado. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za mtoto sio za mwalimu mkuu kugawa. Kenya mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi milioni 4.55 za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi. Waulizeni kwa maandishi: taarifa zinakaa wapi, nani mwingine anaziona, tukiondoka tunazipata kwa mfumo gani na nyie mnazifuta lini, mwaka wa pili bei gani. Wakikwepa hata moja, waageni. Na picha hawazihitaji kabisa kwa kuandika mahudhurio.

Tuna mwalimu wa miaka 54, mzuri sana wa hisabati, hataki kugusa kompyuta. Tumfanyeje?

Muacheni afundishe hisabati. Mpeni mwalimu kijana akae kwenye vipindi vyake ajifunze anavyoeleza, huyo kijana ndo amtengenezee michoro na mazoezi ya kuonyesha kwa projekta, yeye aseme anataka nini. Semina ya siku mbili ukumbini ya kubonyeza vitufe msimpeleke, mtamkera bure na hesabu za watoto hazitabadilika.